Thelathini na Mbili Mgongoni, Hamsini Ubavuni

Mzee Asilimia hakupewa jina hilo na mama yake. Wapiga mbizi ndio waliompa, na walimpa kwa haki, maana mtu huyu hakujua kusema neno bila kulitilia hesabu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakwambia asilimia sitini. Ukimuuliza binti yake ameolewa na mtu wa namna gani, atakwambia mtu mzuri, asilimia tisini, hiyo kumi iliyobaki anakoroma. Na huyo mkoromaji, mkwe wake, ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote.

Kazi ya mzee ilikuwa kuchanganya hewa. Usicheke. Unadhani hewa ni hewa tu kwa kuwa hujawahi kuinunua. Hewa hii unayoivuta hapo ulipokaa, katika sehemu mia, ishirini na moja ni oksijeni. Mpiga mbizi anayefanya kazi chini sana huongezewa kidogo, ili ile gesi nyingine, naitrojeni, isimjae mwilini ikamlemaza wakati wa kupanda. Lakini nimesema kidogo. Oksijeni ile ile inayomrudishia mgonjwa uhai hospitalini, ukiivuta nyingi ukiwa mita thelathini na tatu chini ya maji, inakutia kifafa. Mtu akishikwa na kifafa kitandani atauma ulimi. Akishikwa nacho chini ya maji, kipumulio kinamtoka mdomoni na habari yake imekwisha.

Kampuni yao ilikuwa ndogo, ya kukata vyuma chini ya maji, kuziba nyufa za mabwawa na kufungua malango yaliyokwama. Kila mpiga mbizi alishuka na mitungi miwili. Mgongoni alibeba wa asilimia thelathini na mbili, wa kufanyia kazi huko chini. Ubavuni alining'iniza wa hamsini, ambao haugusi mpaka wakati wa kurudi, akiwa amepanda mpaka mita ishirini au juu ya hapo, asimame pale mpaka gesi ile imtoke damuni. Mitungi yenyewe ilikuwa ya ukubwa mmoja, na ikiwa sakafuni haina tofauti yoyote ila kipande cha tepu nyeupe kilichobandikwa shingoni, kimeandikwa namba kwa kalamu nyeusi.

Ndiyo maana palikuwa na sheria, imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani pale chumba cha kujazia. Mchanganyaji akishajaza, anapima kwa kile kidude cha kupimia oksijeni. Halafu mpiga mbizi mwenyewe anakuja, anapima tena, anaandika namba kwa mwandiko wake, anabandika tepu kwa mkono wake, anasaini kitabuni. Watu wawili, vipimo viwili. Sheria ya namna hiyo haiandikwi mpaka kwanza mtu amekufa mahali fulani.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokufa sheria yenyewe.

Miaka mitatu nyuma, mkwe alipoajiriwa, asubuhi yake ya kwanza alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Alichukua kile kidude, akafungua valvu, akapima mtungi ambao baba mkwe wake alikuwa ametoka kuupima dakika tano kabla. Mle chumbani walikuwamo watu. Mzee akasimama katikati ya sakafu, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Mkwe! Binti yangu nilikupa bila kukupima. Leo wewe unanipima mimi?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mkwe naye alicheka, lakini alikuwa ameyaona macho ya mzee, na macho hayakuwa yanacheka. Mzee yule, aliyejaza mitungi miaka ishirini na mitano bila kosa, alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu. Kijana akakirudisha kile kidude mezani taratibu, kama mtu aliyeshika chombo cha mwenyewe bila ruhusa.

"Nisamehe, baba," alisema. "Wapi nitasaini?"

Basi. Kama mkwe haruhusiwi kumpima mzee, mtu baki atathubutu vipi? Wengine wote wakaacha. Wakawa wanakuja, wanasaini kwamba wamepima, wanabeba mitungi wanakwenda zao, na ule utani ukawa unarudiwa kila akija mgeni. Mzee naye akaona ya nini kungoja miandiko yao ya kuku. Akawa anaandika tepu zote mwenyewe asubuhi mezani, akinywa chai, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka, halafu anakwenda kuzibandika. Mazoea yana taabu, lakini taabu yake haiji siku ya kwanza. Huja ukiwa umeshasahau kama ni mazoea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kazi ilikuwa bwawani, umbali wa saa moja kwa gari: gogo limenasa kwenye wavu wa lango, mita thelathini na tatu chini, na linatakiwa likatwe. Wanashuka wawili, mkwe na mwenzake aliyeitwa Chura kwa jinsi alivyorusha miguu akiwa majini. Mitungi ya Chura ilikuwa imejazwa tangu jana. Mzee alijaza miwili ya mkwe asubuhi ile, na alipima yote miwili, hilo lisimpotee mtu yeyote. Wa kushoto ulisoma thelathini na mbili. Wa kulia ulisoma hamsini. Akatoka mezani na tepu mbili, moja imening'inia kwenye kidole gumba, nyingine kwenye cha shahada. Alipokuwa katikati ya chumba dereva akaita kutoka nje, anauliza ufunguo wa stoo uko wapi. Mzee akageuka, akamwelekeza, dereva hakuelewa, akamwelekeza tena kwa hasira. Aliporudi kuinama, alikuwa ameingilia upande wa pili wa mitungi. Kushoto kukawa kulia. Akabandika.

Hakuna kilicholia wala kupasuka. Mkwe alikuja akamwamkia, akasaini mara mbili mahali palipoandikwa "nimepima", akaibeba mitungi yake begani.

"Mwambie mkeo jioni nitapita kumwona mjukuu wangu," mzee alimwambia.

"Nitamwambia, baba. Asilimia ngapi utakuja?"

"Mia!"

Wakacheka. Saa tano kasoro simu ikalia.

Chura alieleza siku hiyo hiyo, ameketi kwenye ngazi ya ofisi, nguo zake bado mbichi kwa maji. Walikuwa chini dakika kumi na moja. Mkwe alikuwa akivuta msumeno, kazi nzito, anahema kwa nguvu. Ghafla akauachia, mgongo ukajikunja kama upinde, mikono ikaanza kupiga. Chura alijaribu kumrudishia kipumulio, meno yalikuwa yamekazana. Akampandisha kwa haraka iliyokaribia kumuua na yeye. Walipofika juu, walikuwa wanamfinya kifua mtu ambaye alishaondoka.

Mitungi ya marehemu ilirudishwa ikafungiwa chumba cha kujazia, kumngoja mkaguzi wa serikali ambaye angekuja Alhamisi. Mzee alikuwa na ufunguo. Jumatano asubuhi, siku ya mazishi, kabla hajavaa nguo za kuzikia, alikwenda akaufungua ule mlango. Mtungi uliotumika ulijulikana kwa geji, ulikuwa umepungua. Shingoni umeandikwa thelathini na mbili, mwandiko wake, namba zimesimama vizuri kama watoto wa shule. Akafungua valvu, akapima.

Hamsini.

Akazima kidude, akakiwasha upya, akakisawazisha kwa hewa ya nje, akapima tena. Hamsini. Akakaa sakafuni pale pale kati ya mitungi. Hakulia. Alitaka kulia akashindwa, akabaki anahema tu, na kila pumzi aliyovuta aliiona kama ameiiba.

Baada ya mazishi meneja alimfuata kule chumbani. Meneja huyu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Mtu mbaya ungemjua ukamkimbia. Aligeuza kreti akakalia, akaitazama mitungi.

"Mzee, umepima?"

"Nimepima."

"Usiniambie imesoma ngapi. Sitaki kujua." Akajifuta uso. "Ninachojua, kitabu kiko sawa. Marehemu amesaini kwamba amepima mwenyewe. Na tepu, mzee, tepu ni tepu tu. Inabandikwa, inabanduka. Kama tepu na kilichomo ndani vinapatana, mkaguzi atasema kijana alikuwa na haraka, akafunga mgongoni mtungi wa ubavuni. Inatokea. Chura mwenyewe anasema hakuangalia tepu za mwenzake."

"Hiyo itakuwa kumsingizia marehemu."

"Marehemu hawamfungi. Wewe watakufunga. Binti yako jana kapoteza mume, wiki ijayo apoteze na baba? Yule mtoto atalelewa na nani, na kuta? Nakuuliza wewe, mtu wa hesabu."

Alipoondoka hakufunga mlango. Mzee alikaa. Alijiambia kwamba anafikiri, lakini hakuwa anafikiri, alikuwa anaogopa. Aliogopa jela, ndiyo, lakini zaidi ya jela aliogopa macho ya binti yake siku atakapojua. Mkewe alikuwa ameshatangulia miaka mingi, na binti huyu alikuwa mwanawe wa pekee. Akaona kheri aishi naye akiwa mwongo kuliko kuwa mkweli asiye naye. Basi akanyoosha mkono, akazibandua tepu mbili taratibu kwa ukucha zisichanike, akazibadilisha. Haikuchukua hata dakika moja.

Alhamisi mkaguzi alikuja na kidude chake. Akapima, akalinganisha na tepu, akasoma kitabu, akaitazama saini ya marehemu. Mambo yote yakapatana. Alimpa mzee mkono kwa heshima, akasema ni nadra kuona chumba kilichotunzwa hivi. Katika ripoti aliandika mstari mmoja: mpiga mbizi alikosea mtungi kwa uzembe wake mwenyewe.

Mzee alidhani huo ndio mwisho wa ubaya. Hakujua kwamba uongo ukishauzaa ni lazima uulee.

Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyependa mambo ya nusunusu. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili, ripoti ilipomfikia, machozi yalikauka, hasira ikaingia mahali pake. Mzee alikuwa akienda kwake kila siku baada ya kazi, anabeba mkate, anabeba maziwa, anatengeneza bawaba ya mlango isiyo na tatizo. Na kila siku alimkuta binti anamtukana marehemu.

"Kufunga mtungi tu, baba! Kitu anachofanya kila siku! Namba imeandikwa kubwa, na mwandiko wako hata kipofu anausoma. Alikuwa anawaza nini?"

"Ajali haina kinga, mwanangu."

"Usimtetee! Wewe ulimpa hewa safi, ukamwandikia, ukambandikia. Bado nini, umvalishe? Ameniacha na mtoto kwa uzembe. Kwa uzembe, baba!"

Kisha alikuwa anamshika mzee mkono, anambembeleza yeye. Anamwambia asijilaumu, anaona anavyokonda, ale japo kidogo. Hapo ndipo mzee alipokuwa anakatika maini. Matusi angeyameza, maana alijua ni yake hata kama yameandikwa jina la mwingine. Lakini ile huruma!

Picha ya harusi ikatolewa ukutani wiki ya nne. Msumari ukabaki. Wiki ya tano binti aliacha kulitaja jina la mumewe, akawa anasema "yule". Yule hakulipia lile tangi la maji. Yule alisema atarekebisha paa. Mtoto, msichana wa miaka saba, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka, alikuwa anasikiliza yote, na mtoto akisikiliza hasahau.

Jumamosi moja wiki ya sita, mchana, mzee aliingia akamkuta mjukuu ameinamia meza ya sebuleni anafanya kazi ya shule. Alikuwa amemwaga uji juu ya daftari, kurasa zimevimba. Mama yake amesimama juu yake, kitambaa mkononi.

"Nimekwambia mara ngapi uangalie unachofanya? Mara ngapi? Unataka uwe kama baba yako? Hakuangalia, akafa! Alikuwa mzembe, na wewe unakwenda huko huko!"

Mtoto hakulia. Aliitikia tu, kwa sauti ndogo, kama anajibu darasani:

"Sitaki kuwa kama baba."

Mzee alikuwa bado hajaweka mkate chini. Alisikia maneno yakimtoka kabla hajaamua kuyasema.

"Hakuwa mzembe."

"Baba, tafadhali, usianze kumtetea mbele ya mtoto."

"Simtetei. Mimi ndiye niliyebandika tepu vibaya. Thelathini na mbili niliiweka kwenye hamsini. Yeye alifunga mgongoni mtungi ulioandikwa thelathini na mbili, kama inavyotakiwa. Alifanya sawa. Asilimia mia alifanya sawa. Baadaye nikazibadilisha, kabla mkaguzi hajaja."

Kitambaa kilikuwa kinadondosha uji sakafuni. Binti alimtazama kwa muda ambao mzee alitamani ungekatwa na lolote, hata kofi.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa alikuwa anajisikia.

"Lakini alipima. Alisaini kwamba amepima."

"Hakupima. Hakuna anayepima. Tangu siku yake ya kwanza nilimfokea mbele ya watu kwamba ananipima mimi, baba mkwe wake. Ikawa utani. Akaona haya, hakupima tena. Saini ilikuwa ya kuniheshimu mimi."

Binti aliketi. Alivuta kiti bila kukitazama akaketi, akaukazia macho ule msumari mtupu wa ukutani. Aliposema, hakupaza sauti, na mzee angetoa chochote ili apaze.

"Kifo chake kilikuwa kosa. Kosa ningelisamehe, baba. Labda si leo, lakini ningelisamehe. Ila wiki sita umeingia hapa kila siku. Umekaa hapo, unakunywa chai yangu, unanisikia namtukana mume wangu. Nimemtoa ukutani. Nimemfundisha mtoto amwonee aibu babake. Na wewe unanisikiliza, unasema ajali haina kinga."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukanipa nini badala yake?"

Majibu yote mzee aliyokuwa ameyatunga usiku na mchana kwa wiki sita yalikuwa ya maswali mengine.

"Jumatatu utakwenda kwa mkaguzi," binti alisema. "Utamwambia kama ulivyoniambia, usiongeze neno, usipunguze. Nitakusindikiza mpaka mlangoni pake, halafu nitarudi zangu. Baada ya hapo usinitafute. Nikikuhitaji nitakutafuta mimi." Akanyanyua kidevu kumwelekea mtoto. "Lakini kwanza mwambie yeye. Mimi ni mtu mzima, nimekuelewa. Mwambie yeye kwa maneno anayoyaelewa, kwa sababu nilichomwambia mimi siwezi tena kukifuta mwenyewe."

Mzee aliweka mkate mezani. Alipiga magoti, magoti yakalia, akawa sawa kwa urefu na mjukuu wake. Mtoto alimtazama bila woga, na bila ule mchezo wao wa kawaida wa kumvuta masikio.

"Mjukuu wangu. Umesikia tulivyokuwa tunaongea na mama?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Baba yako hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Nilimwandikia namba ya uongo kwenye chombo chake cha kupumulia. Sikukusudia, lakini niliandika mimi."

Mtoto alifikiri.

"Sasa yeye si angeangalia?"

"Angeangalia. Alikuwa anajua kuangalia kuliko wote. Ila mimi nilimkataza."

"Ulimkataza kwa nini?"

Mzee alitafuta sababu kubwa, sababu inayolingana na kaburi. Alitafuta katika miaka yake yote ishirini na minane, na akaiona ile asubuhi, chumba, kicheko, na yeye mwenyewe amesimama katikati mikono kiunoni. Hapakuwa na sababu kubwa. Palikuwa na hiyo tu.

"Niliona aibu," alisema. "Watu walikuwa wananitazama."

"Watu wangapi?"

Binti yake aligeuza uso akatazama dirishani. Mzee akahesabu, kwa uaminifu, kama alivyohesabu kila kitu maishani mwake. Chura. Dereva. Meneja mlangoni. Fundi wa mashine ya kujazia.

"Wanne," alisema.

Mtoto aliinua mkono wake wenye uji, akakunjua kidole kimoja kimoja mpaka vikafika vinne, akabaki anavitazama.